Kopo la stripu 100 za mkojo: anza kusoma mraba wa SG

Bidhaa yenyewe wengi wameshaiona juu ya meza ya maabara ya zahanati: kopo la plastiki lenye kifuniko kigumu, ndani stripu 100, na kila stripu ni ukanda mweupe wenye upana wa nusu sentimita hivi uliobandikwa miraba kumi ya rangi. Mwanza linapatikana kwenye maduka ya vifaa tiba mjini kati na kwenye famasi kubwa. Chapa ni nyingi na karibu zote zinatoka nje, lakini kemia iliyomo inafanana sana, kwa hiyo hapa tunaipima aina, hatupimi chapa: kopo la miraba kumi, ambalo ubavuni limeandikwa LEU, NIT, URO, PRO, pH, BLO, SG, KET, BIL na GLU.

Tuanze na hukumu. Ni bidhaa nzuri sana kwa bei yake na tunaipa nyota nne kati ya tano. Kosa kubwa linalofanyika nayo ni la usomaji. Watu hukimbilia GLU kutafuta sukari na PRO kutafuta protini, mraba wa SG, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji, wanauruka kana kwamba uliwekwa kujaza nafasi. Kumbe huo ndio unaosema mkojo ulio kikombeni umekolea kiasi gani, na usipojua hilo, miraba mingine kadhaa huwezi kuitafsiri. Kwenye rafu hiyo hiyo utakuta kopo la bei ya chini lenye miraba miwili au mitatu tu, halina SG. Liache, hata kama mgonjwa wako anahitaji PRO na GLU peke yake.

Sababu iko kwenye namna figo inavyofanya kazi. Figo haichagui taka na kuitupa. Inaanza kwa kumwaga karibu kila kitu nje, halafu inaokota inachokitaka. Kina mama wanaosafisha dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, wanafanya kazi ya namna hiyo: gunia linamwagwa lote kwenye turubai, dagaa wazima wanarudishwa, mchanga na vumbi vinabaki chini. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja vinavyoitwa nefroni. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa myembamba ya damu, glomerula, na msukumo wa damu wenyewe ndio unaokamua maji nje ya mishipa hiyo. Chembe za damu zinabaki, na protini kubwa kama albumini zinabaki. Maji, chumvi, sukari na urea vinapita. Kwa mtu mzima mwenye afya ni mililita 125 hivi kila dakika, yaani lita 180 kwa siku. Majimaji ya damu mwilini, ukitoa chembe, ni kama lita 3 tu. Maana yake maji yale yale yanapitishwa kwenye chujio mara 60 ndani ya saa 24. Na kinachotoka kibofuni kwa siku nzima ni lita moja na nusu, pengine mbili.

Sasa lita 178 zimerudije mwilini? Theluthi mbili hivi zinarudishwa mapema, kwenye mrija wa kwanza wa nefroni, pamoja na sukari yote na chumvi nyingi. Hapo maji yanaifuata chumvi tu, figo bado haijaamua lolote. Kisha mrija unashuka hadi ndani ya figo, unakunja kona na kupanda tena. Hicho ni kitanzi cha Henle. Upande unaoshuka unapitisha maji. Upande unaopanda haupitishi maji, lakini unasukuma chumvi nje kwa nguvu, na chumvi hiyo pamoja na urea inafanya nyama ya ndani ya figo iwe na ukali unaozidi kadiri unavyozama. Karibu na ganda ukali ni milliosmoli (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka) 300 kwa kilo ya maji, sawa na wa damu; kwenye ncha ya ndani kabisa unafika 1200. Mrija wa mwisho, ule wa kukusanyia, unapita katikati ya ukali huo wote ukielekea kibofuni. Kuta zake zikiruhusu maji kupita, yananyonywa na ukali ulioko nje na mkojo unabaki umekolea. Zikizuia, mkojo unashuka na wepesi wake.

Mwenye ufunguo wa kuta hizo ni homoni ya ADH. Inatengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoonja ukolevu wa damu, na inaachiliwa na tezi ya pituitari iliyo chini yake. Damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, ADH inapanda. Ikifika kwenye figo, seli za mrija wa kukusanyia zinapachika kwenye kuta zake vitundu vya protini vinavyopitisha maji, vinaitwa akwaporini. Ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Ukinywa maji ya kutosha ADH inashuka, vitundu vinaondolewa ukutani, na ndani ya nusu saa hadi saa moja unaanza kukojoa mkojo mwingi, mweupe.

Hayo yote, mraba wa SG unayaweka kwenye rangi moja. Maji matupu ni 1.000. Maji yaliyochujwa, kabla figo haijayakoleza wala kuyazimua, yako kwenye 1.010. Mkojo wa figo yenye afya unaweza kushuka hadi 1.003 na kupanda hadi 1.030 au zaidi kidogo, ila chati ya rangi ya kopo inaishia 1.030. Mraba wenyewe ni bluu ya kijani iliyoiva pale mkojo ulipo mwepesi, unakuwa kijani katikati, na unageuka njano mkojo ukikolea. Anika dagaa ufukweni kutwa nzima juani bila kunywa, jioni utaukuta njano tupu. Na hata mtu asipotia tone la maji mdomoni, figo zake hazifungi kabisa: taka za siku moja ni kama milliosmoli 600, na kwa kuwa ukolevu wa juu kabisa ni 1200, haziwezi kutoka kwa chini ya nusu lita ya mkojo. Hiyo nusu lita inachotwa mwilini, atake asitake. Ndiyo maana mkojo wa mtu mzima ukipungua chini ya nusu lita kwa siku, ni jambo la hospitali.

Uzuri wa kopo hili unaonekana zaidi ukitumia stripu mbili kwa mtu mmoja. Ya kwanza chovya kwenye mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa chochote. Usiku kucha ADH imekuwa juu, kwa hiyo SG inatakiwa iwe 1.020 au zaidi. Kisha anywe lita moja ya maji ndani ya dakika 20, akojoe, mkojo huo umwagwe, na baada ya saa moja chovya stripu ya pili kwenye mkojo mpya: 1.005 au chini. Lita moja inatosha. Figo zenye afya hutoa kati ya mililita 800 na lita moja kwa saa, na anayekunywa lita tatu kwa mkupuo anaizimua chumvi ya damu yake kuliko figo inavyoweza kumwokoa. Mwenye ugonjwa wa moyo, miguu iliyovimba au figo inayojulikana kuwa dhaifu asifanye jaribio hili kabisa.

Stripu zote mbili zikisoma 1.010, asubuhi na baada ya maji, hapo pana neno. Figo imepoteza uwezo wa kukoleza na wa kuzimua. Inapitisha maji kama ilivyoyachuja. Inaweza kuwa ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Inaweza kuwa dawa ya kutoa maji kama frusemidi, ambayo inazuia ile pampu ya chumvi kwenye kitanzi cha Henle na hivyo kuua ukali wa ndani ya figo. Na Kanda ya Ziwa, yenye selimundu kwa wingi, lazima uulize kuhusu selimundu. Pale ndani kabisa ya figo chumvi ni kali na oksijeni ni kidogo, mazingira yanayozifanya chembe za damu zenye hitilafu zijikunje na kuziba vishipa. Miaka ikienda, sehemu ile ya ndani inakufa taratibu, na mtoto anabaki akikojoa mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku. Mtoto wa selimundu anayekojoa kitandani akiwa na miaka minane hapaswi kuchapwa wala kunyimwa maji jioni. Figo yake haiwezi kutunza maji, na kukaukiwa maji ndiko kunakomwitia maumivu. Tungependa kila mzazi wa mtoto kama huyo alisikie hili kliniki kabla hajalisikia nyumbani kwa njia nyingine.

Twende kwenye PRO, maana hapo ndipo SG inapookoa watu. Mraba huu ni njano, ukikutana na albumini unakuwa kijani, kisha kijani cha bluu. Alama ya + moja ni miligramu 30 hivi kwa desilita (mililita 100), ++ ni 100, +++ ni 300. Angalia vizuri: ni kwa desilita, siyo kwa siku. Stripu inapima ukolevu, haipimi jumla. Chukua mtu ambaye chujio zake zinavuja miligramu 500 za protini kwa siku, wakati kawaida haizidi 150. Akikojoa lita moja, ni miligramu 50 kwa desilita, na mraba utamwonyesha + bila wasiwasi. Mtu huyo huyo akiambiwa anywe maji mengi kabla ya kwenda kupima, akakojoa lita tatu, inakuwa 17 kwa desilita. Mraba unabaki njano au unaonyesha kivuli tu, na anarudi nyumbani akiwa na karatasi inayosema ni mzima. Figo ni zile zile, uvujaji ni ule ule, kilichobadilika ni maji. Kwa hiyo PRO safi kwenye SG ya 1.005 haijathibitisha kitu. Rudia na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Na PRO ya + moja kwenye SG ya 1.030, kwa mtu aliyetoka shambani juani, inaweza kuwa ukolevu tu, nayo irudiwe. Ila + moja kwenye 1.005 ni nzito kuliko inavyoonekana, isiahirishwe.

Kwa mjamzito kanuni ni kali zaidi. Baada ya wiki 20, PRO ikiambatana na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi ni dalili ya kifafa cha mimba kinachonyemelea. Hapo hakuna kurudia nyumbani wala kusubiri kliniki ya mwezi ujao, ni kwenda hospitali siku hiyo. Na PRO ikiwa safi huku shinikizo likiwa limefika hapo, asikae pia; kipimo cha shinikizo ndicho kinachotangulia.

Mraba wa BLO, yaani damu, ndio tunaoupenda kuliko yote kwa mikoa hii, na ndio unaopotosha kuliko yote mtu asipojua jiografia yake. Unapima himoglobini. Ukiona vidoti vya kijani kwenye uso wa njano, ni chembe nzima za damu; ukiona kijani kilichosambaa sawasawa, chembe zimepasuka, au ni protini ya misuli iliyoumia. Kwa kichocho cha mkojo ni kipimo kizuri na cha haraka, hasa kwa watoto wa shule, na sampuli ichukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambao mayai ya minyoo hutoka kwa wingi. Lakini kichocho cha mkojo ni cha bara: madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi, Kwimba na kuendelea Shinyanga. Kwenye ufukwe wa ziwa lenyewe, Igombe, Kayenze, visiwa vya Ukerewe, kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwenye kinyesi. Mvuvi wa mwaloni akichovya stripu, BLO ikabaki njano, akaambiwa hana kichocho, amedanganywa bila aliyemwambia kujua. Yeye anahitaji kipimo cha choo, au kile cha kaseti cha mkojo kinachotafuta chembechembe za minyoo, ambacho ni bidhaa nyingine kabisa.

BLO inadanganyika pia kwa njia nyingine. Kikombe kilichooshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia kinaufanya mraba uwe kijani bila damu yoyote. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 500 au 1000 vinafanya kinyume: vinauzuia usibadilike hata kama damu ipo, na vinaharibu GLU vile vile. Mwanamke aliye kwenye siku zake asipimwe BLO, asubiri.

GLU ni bluu hafifu ya kijani. Ikikuta sukari inakuwa kijani, kisha kahawia. Wengi wanaichukua kama kipimo cha kisukari, na kwa hilo tunaipa alama ndogo. Mirija ya kwanza ya nefroni inarudisha sukari yote hadi pale sukari ya damu inapozidi miligramu 180 hivi kwa desilita, yaani 10 kwa zile mashine zinazosoma milimoli. Juu ya hapo vibebaji vinazidiwa, na sukari inayobaki ndani ya mrija inavuta maji kwenda nayo. Ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa anakojoa mno na kiu haimwishi. Lakini mtu mwenye sukari ya 150 asubuhi kabla ya kula tayari ana kisukari, na GLU yake itabaki safi. Kwa upande mwingine, mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo huku ya damu ikiwa sawa, na anayetumia dawa za kisukari za dapagliflozini au empagliflozini atakuwa na kahawia kila siku, kwa sababu dawa hizo zinafanya kazi kwa kuizuia figo isirudishe sukari. Jambo moja ambalo hata wanaotumia kopo hili kila siku hulisahau: mraba wa SG unapima chembe zenye chaji, chumvi za aina zote, na sukari haina chaji. Kwa hiyo mkojo uliojaa sukari unaweza kuwa mzito kweli na SG ya stripu ikasoma chini. Ukiona GLU imekuwa kahawia, SG usiitegemee.

KET, mraba wa ketoni zinazotokana na mwili kuunguza mafuta, ikiwa zambarau pamoja na GLU ya kahawia, na mgonjwa anatapika au anahema kwa nguvu, ni dharura. KET peke yake kwa aliyefunga au mjamzito anayetapika ni njaa na ukavu wa maji. NIT (bakteria) na LEU (chembe nyeupe za damu) zisomwe pamoja: NIT inakuwa waridi pale bakteria wanapogeuza naitreti, na wanahitaji mkojo uwe umekaa kibofuni saa nne hivi, kwa hiyo anayekwenda haja kila nusu saa kwa sababu ya UTI anaweza kuwa na NIT safi na LEU ya zambarau. URO (urobilinojeni) na BIL (bilirubini) ni habari za ini. Kuhusu pH, kumbuka tu kwamba ikiwa 6.5 au zaidi, SG ya stripu inasoma chini kidogo, ongeza 0.005. Na ikiwa juu ya 8, PRO inaweza kugeuka kijani bure.

Matumizi yenyewe yanataka dakika mbili za utulivu. Kikombe kiwe kikavu na safi, mkojo uwe wa katikati, siyo wa mwanzo. Pima ndani ya saa moja. Mkojo uliokaa kwenye joto la mchana unageuka, bakteria wanaivunja urea kuwa amonia, pH inapanda na kuvuruga mengine. Chovya stripu miraba yote ilowe, sekunde moja tu, itoe huku ukifuta ubavu wake kwenye ukingo wa kikombe, kisha ishike kwa kulala, usiisimamishe. Sababu ya kuilaza ni hii: mraba wa PRO umetiwa asidi, na stripu ikisimama au ikilowa kupita kiasi asidi hiyo inatiririka hadi pH ulio jirani na kuushusha. Kisha angalia saa. GLU na BIL husomwa kwenye sekunde 30, KET 40, SG 45, zile nyingine sekunde 60, na LEU 120. Chapa chache zinatofautiana, fuata chati ya kopo lako. Rangi inayojitokeza baada ya dakika mbili haina maana, na stripu iliyoachwa mezani ikasomwa baadaye ni ya kutupwa. Soma kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlango. Taa ya njano inaufanya mraba wa PRO uonekane safi kuliko ulivyo.

Nyota tuliyoinyima ni ya utunzaji. Kopo linataka nyuzi 2 hadi 30, kavu, na kifuniko kibane. Chumba cha bati mchana wa Mwanza kinapita 30 kwa urahisi, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu. Unyevu ndio unaoua. Ndani ya kifuniko au chini ya kopo kuna dawa ya kukausha. Isitolewe, na kopo lisiwekwe kwenye friji, maana likitoka humo linatoa jasho ndani. Toa stripu moja, funga papo hapo. Usiguse miraba kwa vidole. Stripu iliyoharibika hujitambulisha kabla ya kuchovywa: NIT iliyotakiwa kuwa nyeupe ina wekundu, GLU imefifia au imekuwa ya udongo, LEU si ya maziwa tena. Linganisha stripu kavu na safu ya kwanza ya chati. Isipolingana, kopo zima lina mashaka.

Kwa hiyo stripu zinazouzwa moja moja, zimefungwa kwenye gazeti au bahasha ya dawa, zisinunuliwe kwa bei yoyote. Dukani shika kopo mwenyewe, hakikisha karatasi ya muhuri haijachanwa, soma tarehe ya mwisho, na angalia lilikuwa limekaa wapi. Kopo la kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la mchana limeshapikwa. Bei ilinganishe kwa stripu: kopo la shilingi 15,000 ni shilingi 150 kwa kipimo, na tofauti ya shilingi elfu mbili kati ya duka na duka ni shilingi 20 tu, haifai kuwa sababu ya kuchukua kopo lililokaribia kuisha muda.

Pengo kubwa la bidhaa hii ni kwamba haisemi figo inachuja kiasi gani. Mtu anaweza kuwa amepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kuchuja na stripu yake ikawa safi miraba yote, hasa kama chanzo ni shinikizo la damu la miaka mingi. Jibu hilo liko kwenye kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huichuja, inayopimwa hospitali za Sekou Toure na Bugando jijini Mwanza na hospitali za wilaya. Vile vile uvujaji mdogo wa albumini, ule wa mwanzo kabisa kwa wenye kisukari, uko chini ya miligramu 15 hadi 30 kwa desilita ambako PRO ndiyo kwanza inaanza kuona. Mwenye kisukari aombe kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo mara moja kwa mwaka. Kiwango cha kawaida ni chini ya miligramu 30 kwa gramu. Uwiano huo unafanya kwa hesabu kile ambacho SG inafanya kwa jicho: unaondoa athari ya maji.

Ukishafungua kopo andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu, maana chapa nyingi zinatoa miezi 3 tu tangu kufunguliwa, haijalishi tarehe iliyochapwa ni ya mwaka gani. Nyumba yenye mgonjwa mmoja anayepimwa mara mbili kwa wiki itatumia stripu 26 kwa muda huo, 74 zitaharibika. Ukipata kopo dogo la 25 au 50, chukua hilo. La 100 liwe la zahanati, kliniki ya wajawazito, au familia tatu nne zilizokubaliana kuchanga, kopo likakaa kwa mmoja wao mwenye chumba chenye ubaridi.